Kalipa imeshika: kabla hujanunua ya mtumba, chomoa pini

Swali: Baba aliniachia Toyota Corolla ya mwaka 1986. Nikitoka Eldoret kurudi Nakuru, nikifika Salgaa gurudumu la mbele kushoto linakuwa moto, rimu haigusiki, na kuna harufu ya kuungua. Gari linavuta kushoto hata kabla sijakanyaga breki. Fundi alifungua akakuta pedi ya ndani imekwisha karibu kufika kwenye chuma, ya nje bado nene. Anasema kalipa imekufa, nitafute ya mtumba iliyotoka Japani. Ni lazima, au nitatupa pesa bure?

Jibu: Ndugu, usinunue bado. Hiyo kalipa, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, imeshika, yaani imekwama, na kushika si kufa. Chuma cha kalipa hudumu kuliko gari lenyewe. Kinachochoka ni mipira, grisi na usafi wa mahali pa kuteleza, na hivyo vyote hurekebishika kwa siku moja.

Kalipa ya gari lako ina pistoni moja tu, nayo iko upande wa ndani. Ukikanyaga breki, pistoni inaisukuma pedi ya ndani mpaka ibane diski. Ikifika hapo haina tena pa kwenda, basi kalipa nzima inateleza juu ya pini zake mbili kuelekea ndani ya gari na kuivuta pedi ya nje ibane upande wa pili. Pini zikishika, pedi ya ndani inafanya kazi ya watu wawili. Na ukiachilia breki, hakuna springi inayoirudisha pistoni. Kazi hiyo inafanywa na sili ya mpira yenye umbo la mraba iliyokaa kwenye mfereji ndani ya kalipa: inapinda kidogo pistoni inapotoka, kisha inajinyoosha na kuirudisha sehemu ndogo tu ya milimita. Nguvu yake ni ndogo mno, ndiyo maana kutu kidogo au mpira uliovimba unatosha kuiacha pedi ikiparuza diski safari nzima. (Mwenye Volkswagen Kombi ya miaka ya 1970 asihangaike na habari ya pini. Kalipa yake haitelezi. Ina pistoni pande zote mbili.)

Pedi zenyewe zinasema mengi zikisomwa kabla ya kutupwa. Ya ndani ikiisha mbele ya ya nje, pistoni hairudi au pini zimeshika. Ya nje ikiisha kwanza, kalipa inateleza kwenda lakini hairudi, na hapo pini ndizo za kulaumiwa. Pedi ikilika kimshazari, upande mmoja mwembamba kama kabari, pini moja inateleza na nyingine imekwama. Pedi zote mbili zikibaki nene huku za upande wa pili wa gari zimekwisha, pistoni haitoki kabisa, na breki unayoiamini kuwa nzima ndiyo imekuwa ikibeba gari peke yake.

Hilo la mwisho linahusu pia kuvuta, ambako mafundi wengi hukosea. Gari likivuta kushoto bila kukanyaga breki, kushoto ndiko kumeshika. Likienda sawa kisha likavuta kushoto unapokanyaga tu, kagua kwanza kulia: huenda kulia hakubani, na kushoto kunafanya kazi yake vizuri tu. Wewe unavutwa bila kukanyaga na rimu ya huko huko ni moto, kwa hiyo upande hauna ubishi. Lililobaki ni kujua ni pini, pistoni, au hosi, ile paipu ya mpira inayopeleka mafuta ya breki kwenye kalipa.

Hosi ndiyo husahaulika, na ndiyo hufanya mtu anunue kalipa mbili na ugonjwa ubaki. Hosi ya mpira ya miaka mingi hubomoka ndani huku nje inaonekana nzima. Mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda kwenye kalipa, lakini hakuna nguvu kama hiyo ya kuyarudisha, hivyo presha inabaki imefungiwa. Wakati mwingine mpira ni mzima, ila kile kibano cha chuma kinachoishikilia hosi kimeota kutu kwa ndani na kuikaba.

Jaribu hivi gurudumu likiwa limeshika. Egesha mahali tambarare, weka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki kisha liketi juu ya stendi. Jeki peke yake si ya kulalia chini. Zungusha gurudumu kwa mkono uone ugumu wake. Halafu fungua kidogo, robo mzunguko, nipeli ya kutolea hewa, ile bolti ndogo yenye tundu iliyo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia papo hapo, presha ilikuwa imefungiwa, na kalipa haina hatia. Funga nipeli, kanyaga breki lishike tena, kisha legeza kiungo cha paipu ya chuma pale inapoingia kwenye hosi. Lisipoachia hapo lakini likaachia kwenye nipeli, badilisha hosi, zote mbili za mbele. Likiachia hapo pia, panda juu kwenye masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali ya breki: huenda pedali haina mchezo wa milimita chache unaotakiwa, au tundu dogo la kurudishia mafuta limeziba. Hapo lakini kwa kawaida magurudumu mawili hushika pamoja, si moja. Kama umefungua nipeli na gurudumu bado gumu, shida ni ya chuma na mpira wa kalipa yenyewe. Endelea.

Nunua vitu kwanza, usianze kazi ukiwa mikono mitupu. Unahitaji kiti (kit, yaani pakiti ya vipuri) ya kukarabati kalipa za mbele (sili za mraba, mipira ya vumbi ya pistoni na ya pini), seti moja ya pedi za mbele, wosha nne za shaba za bolti ya hosi, grisi ya silikoni ya breki, na mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4, makopo mawili ya nusu lita ambayo hayajafunguliwa. Kopo lililokaa wazi kwenye rafu ya duka lisikuingize tamaa hata ukipunguziwa bei. Kabla ya kulipia kiti, pima kipenyo cha pistoni kwa vania (kifaa cha kupimia unene na kipenyo), maana Corolla za miaka ya karibu zilitoka na pistoni za saizi tofauti. Tofauti ya milimita tatu jicho halioni, lakini sili haitakaa.

Sasa kufungua. Bolti za pini kwa kawaida ni spana ya 12 au 14. Toa ya chini, pindua kalipa juu, toa pedi, kisha itoe yote na kuifunga kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa hosi. Hapo ndipo hosi nzima inageuzwa kuwa mbovu. Vumbi la pedi usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo: pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi hilo likiingia kwenye mapafu halitoki. Lowesha kwa maji ya sabuni na kufuta kwa kitambaa cha kutupa.

Shika pini, isukume na kuivuta. Nzima hupita kwa kidole na kurudi taratibu mpira wake ukijikunja. Ikihitaji koleo, hapo ndipo mambo yako yalipo. Vumbi la barabara za murram ni laini kama unga, na ile mashine ya presha ya car wash ikilengwa moja kwa moja kwenye gurudumu husukuma maji na vumbi kupitia mpira uliopasuka mpaka ndani ya tundu la pini. Kwa wenye magari Kisumu, unyevu wa ziwa unamalizia kazi hata bila kuosha.

Kabla ya kuzichomoa, weka alama ipi ni ya juu na ipi ni ya chini. Pini mbili za kalipa moja mara nyingi hazifanani: moja ni duara tupu, nyingine ina kibushi (bomba dogo) cha mpira au ni bapa pembeni. Ukizibadilishana, kalipa itagonga barabarani au itashika upya. Safisha pini kwa brashi ya waya laini mpaka ing'ae. Ikiwa kutu imechimba vishimo, nunua nyingine, kwa sababu kishimo hukata mpira. Tundu la pini lisafishe kwa spoku ya baiskeli iliyozungushiwa kitambaa chenye spiriti, ukirudia mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Kuhusu grisi nitakuwa mkali kidogo. Ile grisi ya beringi iliyo kwenye mkebe wa kila gereji haifai hapa, wala oili chafu, wala mafuta taa ya kuoshea. Mipira ya breki imetengenezwa kwa aina inayopatana na mafuta ya breki na kuchukia chochote kitokanacho na petroli: hunyonya, huvimba na kulegea. Pini iliyopakwa grisi ya beringi huteleza vizuri kwa wiki kadhaa, kila mtu akafurahi, kisha kibushi kinavimba na pini inashika kuliko mwanzo. Tumia grisi ya silikoni iliyoandikwa kuwa ni ya breki. Kipimo chake ni kama punje moja ya harage kwa pini nzima, ipake iwe utando. Ukijaza tundu, pini haitafika mwisho, maana grisi haina pa kutokea. Itakuwa inasukuma nyuma kama springi, na hapo umejitengenezea kalipa inayoshika kwa mikono yako.

Kosa la petroli lina ndugu yake mbaya zaidi: mtu kujazia oili ya injini au ya stiringi kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Fungua kifuniko uangalie mpira wake. Ukiwa umevimba na kujikunja hautaki kurudi mahali pake, mipira ya mfumo mzima imeharibika, masta silinda hadi nyuma, na kukarabati kalipa moja hakutakusaidia.

Pini zikiwa sawa, geukia pistoni. Njia salama ya kuitoa ni kutumia breki yenyewe hosi ikiwa bado imefungwa. Weka kipande cha mbao mahali pa pedi, mwambie mwenzako akanyage polepole, nawe uangalie. Pistoni nzima hutoka kwa utulivu. Inayoruka kwa vishindo imeshika kutu. Ikilegea, weka chombo chini, fungua hosi na kuitoa kwa mkono. Wanaopuliza hewa ya kompresa wajue kwamba pistoni hutoka kama risasi. Vidole visiwe mbele yake hata kidogo, mbao iwepo, na presha iwe ya chini.

Sasa angalia kwa makini, maana hapa ndipo uamuzi wa kununua au kutonunua unapofanyika. Katika kalipa ya namna hii sili imekaa kwenye mfereji wa kalipa na inabana ngozi ya pistoni. Kwa hiyo uso unaozuia mafuta ni wa pistoni, si ukuta wa kalipa. Kutu nyepesi ukutani si balaa: sugua kwa msasa wa maji namba 600 kwa mwendo wa kuzunguka, osha, basi. Pistoni haina msamaha huo. Chromu ikiwa imemomonyoka au kuwa na vishimo pale sili inapopita, nunua pistoni mpya, na usiipige msasa mkavu ukidhani unaisafisha. Utando wa chromu ni mwembamba, ukishaisha chuma chini yake kitaota kutu haraka. Doa lililo kwenye ukingo wa nje, nje ya mpira wa vumbi, halina neno.

Halafu mfereji wa sili. Fundi anaweza kuweka sili mpya, pistoni mpya, na gurudumu likaendelea kushika, kila mtu akakuna kichwa. Sababu ni kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka, na maji hayo hufanya kutu na ukoko mgumu mweupe ndani ya mfereji. Ukoko unaisukuma sili ndani, sili inaikaba pistoni kama mkono shingoni. Kwangua mfereji wote, chini na pembe zake, kwa kijiti cha mti mgumu au waya wa shaba. Bisibisi ya chuma itachora alama ambayo mafuta yatapitia. Osha kwa spiriti au mafuta mapya ya breki, acha ikauke.

Kurudisha: lowesha sili mpya kwenye mafuta mapya ya breki, iweke mferejini kwa vidole, pitisha kidole kuzunguka uhakikishe haijajipinda. Vika mpira wa vumbi. Paka pistoni mafuta ya breki, iweke wima na kuisukuma kwa vidole gumba. Inapaswa kuingia kwa nguvu za mikono tu. Ikiinama, itoe uanze upya. Nyundo haina kazi hapa.

Kwenye brakiti, chuma kinachoishikilia kalipa, pale masikio ya pedi yanapokaa, ng'oa vile vibati na kupiga faili kutu iliyo chini yake. Kutu hiyo huinua kibati na kuibana pedi isisogee, na dalili zake hufanana kabisa na za pistoni iliyoshika. Pedi mpya iingie na kusogea kwa kidole bila kulegea sana.

Pima diski ukiwa hapo. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa kawaida umechapwa kwenye diski yenyewe. Diski iliyolika huacha ukingo pembeni, na vania ikishika ukingo huo itakudanganya kuwa bado nene. Weka sarafu mbili zinazofanana, moja kila upande wa diski ndani ya ukingo, pima zote kwa pamoja, kisha toa unene wa sarafu. Pima sehemu nne au zaidi. Diski iliyopitia moto kama huo wa Salgaa ikiwa na madoa ya bluu au nyufa zinazofika ukingoni, itupe, na uitupe na mwenzake wa kulia.

Kaza bolti za pini kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 hadi 35, bolti za brakiti Nm 80 hadi 110, ukifuata kitabu cha gari kama unacho, na nati za magurudumu Nm 103. Bolti za pini ni nyembamba kuliko zinavyoonekana. Fundi mwenye paipu ya kuongezea urefu wa spana amezikata nyingi. Hosi ifungwe kwa wosha mpya za shaba, moja kila upande wa kiungo, na isiwe imejipinda usukani ukikatwa mwisho kushoto na kulia.

Sasa nirudi kwenye kalipa ya mtumba, ikiwa mwili wa kalipa umepasuka au nyuzi za bolti zimekwisha na huna budi kununua. Kwanza, mipira yake ina umri kama wa ile unayoitupa, kwa hiyo utaifungua na kuiwekea kiti hata hivyo. Pili, pima pistoni ilingane na ya kulia, kwa sababu pistoni kubwa upande mmoja itafanya gari livute daima. Tatu, angalia nipeli. Ikifungwa garini nipeli lazima ielekee juu. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto huingia vizuri tu, lakini nipeli inakaa chini, hewa inabaki juu, na utatoa hewa mpaka jioni pedali ikiwa bado laini kama sifongo.

Kutoa hewa kwenyewe: usukani uko kulia na masta silinda iko huko, hivyo kama unabadilisha mafuta yote anza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalize mbele kulia. Tumia paipu inayopenyeza macho, ncha yake izame kwenye mafuta ndani ya chupa. Mwenzako akanyage, wewe ufungue, ufunge, ndipo aachilie. Weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni. Masta silinda ya zamani ina kutu sehemu ambayo raba zake hazijawahi kufika. Ukizisukuma mpaka huko zinachanika, na kesho pedali inazama. Kikopo kisikauke katikati ya kazi. Mafuta yakidondoka kwenye rangi ya gari mwagia maji mara moja, la sivyo rangi itabanduka. DOT 3 na DOT 4 huchanganyika bila madhara, lakini DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki nazo, hata kama muuzaji anakuambia namba kubwa ndiyo bora.

Usichukulie mafuta kama jambo dogo kwa njia unayopita. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan mpaka Salgaa ni mteremko mrefu, na breki inayoparuza inafika huko ikiwa tayari na moto wake. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unaminyika, na pedali inakwenda sakafuni bila onyo. Badilisha mafuta kila miaka miwili, na ushuke kwa gia ya tatu au ya pili mguu ukiwa mwepesi.

Fanya kulia vile vile siku hiyo hiyo, hata kama hakulalamiki. Kisha, kabla ya kuwasha injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni ziko ndani kabisa, na mkanyago wa kwanza hautashika kitu. Zoesha pedi mahali tambarare pasipo na magari: toka kilomita 60 kwa saa hadi 20, mara kumi, ukiacha kama nusu dakika katikati, bila kusimama kabisa na breki imekanyagwa.

Mwisho endesha kilomita kumi ukigusa breki kidogo iwezekanavyo, simama kwa kuacha gari lipungue lenyewe, na usogeze kiganja karibu na rimu zote mbili za mbele. Joto liwe sawa na lisiwe kali. Kushoto kukizidi bado, rudia lile jaribio la nipeli gurudumu likiwa bado na moto, na safari hii iangalie hosi kwa jicho baya.